Risasi Aliyochaguliwa na Mumewe

Mikono ya Mama Pacha ilikuwa na sifa dukani. Duka lenyewe lilikuwa la miwani, na kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma, mahali ambapo mteja hafiki: kusaga vioo mpaka viingie kwenye fremu bila kulegea wala kubana. Mashine ilinguruma, maji meupe kama ya unga yalimtiririka vidoleni, naye aliinama pale kutwa, haharakishwi na mtu. Daktari wa macho, mwenye duka, alizoea kuwaambia wateja wenye papara, "Nikimsukuma yule mama, mtavaa miwani inayoona nyumba ya jirani tu." Wateja walicheka, wakasubiri.

Wasilolijua ni kwamba mama yule mnene na mpole, anayevaa ndara kazini na kusinzia kidogo baada ya chakula cha mchana, kila Jumamosi alikuwa akilala kifudifudi juu ya mkeka na kutoboa karatasi kwa risasi kutoka mbali, mbali kiasi kwamba karatasi yenyewe huioni kwa macho matupu.

Alianza kwa kubeba chupa ya chai. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa katibu wa klabu ya walenga shabaha, na uwanja wao ulikuwa nje ya mji, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa zamani. Pacha wao walipokua na kwenda zao kutafuta maisha katika miji mingine, nyumba ilipoa, na mama mtu akaona bora afuatane na mumewe kuliko kubaki anatazamana na kuta. Kwa muda mrefu aliketi kwenye kiti cha kukunja, akimimina chai na kusikiliza wanaume wanavyousingizia upepo makosa yao. Siku moja shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa uwanja, akamtania.

"Shemeji, wewe kazi yako ni kutunywesha tu? Njoo ulale hapa na wewe, tuone kama utajua mtutu uko upande gani."

"Nikiwashinda je?"

"Ukitushinda, chai nitamimina mimi mpaka nizeeke."

Akavua ndara, akalala. Shemeji akamwonyesha namna ya kuegemeza kitako cha bunduki begani, namna ya kuachia pumzi nusu na kuishika nusu, namna ya kuvuta kifyatulio polepole kama mtu anayekamua chunusi ya mtoto aliyelala. Alipopiga risasi zake tano, waliokuwa handakini chini ya shabaha waliinua karatasi, kisha wakaishusha, kisha wakaiinua tena, kana kwamba hawaamini. Matundu yote matano ungeyafunika kwa kisahani.

Tangu siku hiyo shemeji ndiye aliyemimina chai.

Baba Pacha alifurahi mwanzoni, na tusimnyime haki yake. Alimnunulia mkewe bunduki ya kawaida ya mashindano, ile inayoitwa mia tatu na nane kwa jina la risasi yake, akamhangaikia kibali, akamfundisha kusoma bendera za upepo. Akisimama na wenzake alijipiga kifua: "Mke wangu huyo! Jifunzeni!" Lakini kadiri miezi ilivyokwenda, kifua kilipigwa mara chache zaidi. Mke alimfikia, akalingana naye, akampita. Vikombe vilivyokuwa vimepangwa sebuleni juu ya kabati, vyote vya baba, vikaanza kusogezwa kupisha vya mama. Mama Pacha mwenyewe hakuvisogeza. Vilisogezwa na Baba Pacha, kimyakimya, na baadaye ikaonekana kwamba vya kwake amevihamishia chumbani.

"Leo upepo ulikuhurumia," angemwambia njiani wakirudi.

"Ulinihurumia kweli," mke angejibu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuepusha maneno.

Basi chama cha taifa kikatangaza kwamba mashindano makubwa ya mwaka unaofuata yatapigwa kutoka kilomita moja kamili, na kila klabu itapeleka mtu mmoja. Klabuni hakukuwa na ubishi mtu huyo atakuwa nani. Hata wale waliokuwa wakimwita "mama wa chai" walikwisha kufyata mkia. Tatizo lilikuwa bunduki. Risasi ya mia tatu na nane ni mtumishi mwaminifu kwa umbali wa kawaida, lakini ikikaribia kilomita huchoka, mwendo hupungua, na upepo mdogo tu huichukua kama unavyochukua kipande cha karatasi barabarani. Kwa kilomita ilihitajika risasi ya zile ambazo wenyewe huziita magnamu: ganda refu na nene, baruti nyingi, risasi inayofika bado ina hasira.

Mama Pacha alilifanyia kazi jambo hilo kama anavyofanyia kazi kioo. Aliuliza, alisoma, alisikiliza. Mgeni mmoja wa klabu nyingine alipokuja na magnamu ya milimita saba, alimwomba aipige. Alipiga risasi kumi akainuka anatabasamu. Ilikuwa na teke, ndiyo, lakini teke la mtu mnayeheshimiana. Na ile risasi yake nyembamba, ndefu, iliukata upepo kwa namna ambayo hakuwahi kuiona.

Jioni hiyo, mezani, akamwambia mumewe, "Nimeshapata ninachokitaka. Milimita saba."

Baba Pacha alikuwa anakula. Hakuinua uso. "Milimita saba ni ya kuanzia. Kuna magnamu ya mia tatu. Na kuna baba yao, mia tatu thelathini na nane."

"Hiyo si ndiyo ile wanayosema inavunja watu mabega?"

"Wanaosema ni wale ambao hawajaipiga. Sikiliza, Mama Pacha. Kilomita si mchezo. Risasi nzito ndiyo inayosimama mbele ya upepo. Ile nyepesi upepo ukikohoa tu imekwenda."

Alisema kweli nusu, na kweli nusu ndiyo mbaya. Risasi ya mia tatu thelathini na nane ilikuwa nzito, na kweli upepo haukuisumbua sana. Lakini hakusema nusu ya pili: kwamba risasi huanza begani mwa mtu kabla haijafika kwenye upepo, na kwamba shabaha haimkubali mpigaji anayeiogopa bunduki yake.

Jumatatu iliyofuata walikwenda wote wawili kwenye duka la silaha. Lilikuwa duka jembamba lenye nondo madirishani na harufu ya mafuta ya mashine. Mwenye duka alikuwa mjane, mrefu, nadhifu, mwenye kucha zilizopakwa rangi, aliyerithi biashara kwa marehemu mumewe na kuiendesha vizuri kuliko yeye. Watu walimwita Mama Baruti, naye hakuchukia.

Akaweka risasi tatu juu ya kioo cha kaunta, zimesimama wima, mkubwa, wa kati na mdogo, kama familia inayopigwa picha.

"Haya," alisema. "Huyu mdogo ni milimita saba. Ana adabu, anakwenda mbali, bega linasahau mapema. Wa kati, mia tatu, ni wa watu wote, ganda lake halikosekani popote. Na huyu mkubwa..." Akakigusa kichwa cha risasi kwa ukucha, kisha akamtazama Baba Pacha kwa muda kidogo. "Huyu mkubwa mnamjua wenyewe."

"Mimi simjui," Mama Pacha alisema. "Anapiga sana?"

"Anapiga," mjane alisema. "Wengine huwa wanamfungia kile kichwa cha matundu mdomoni mwa mtutu, kinampunguza ukali."

"Mashindanoni hakiruhusiwi," Baba Pacha alidakia. "Mambo ya matundu ni ya wawindaji. Sisi tunataka ushindi."

Mama Pacha aliichukua ile ndogo, akaizungusha vidoleni kwenye mwanga. "Mimi roho yangu iko hapa."

"Roho haisomi upepo," mumewe alisema, akacheka, akamgeukia mjane. "Ile iliyotumika bado unayo? Ile nzuri, ya darubini kubwa?"

Mjane aliipangusa kaunta kwa kiganja. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu aliyefungwa. Kisha akasema, "Ninayo." Akaingia stoo, akatoka na bunduki ndefu nyeusi, kitako chake kimesuguliwa mpaka kinang'aa, akailaza juu ya kitambaa. "Imetumika kidogo tu," alisema, na hakumtazama mtu.

Mama Pacha alitamani kukataa. Lakini mbele ya mtu baki, na mume amekwisha kunyoosha mkono kuichukua kama mtu anayepokea mtoto, aliona kukataa ni kumvua nguo hadharani. Ndoa ina mambo yake: mara ngapi mtu amekubali kitu ili tu safari ya kurudi nyumbani isiwe ya kununiana? Akasema, "Sawa. Wewe ndiye mzoefu."

Risasi ya kwanza ya mia tatu thelathini na nane ilimsukuma mwili mzima nyuma juu ya mkeka. Hakuamini kwamba kitu alichokishika mwenyewe kimemfanyia vile. Meno yaligongana, darubini ikamkwangua juu ya nyusi, damu ikamchuruzika mpaka kwenye kope.

"Hujaishika vizuri," Baba Pacha alisema kutoka nyuma yake. "Kaza bega."

Akakaza. Ya pili ikaja kama ya kwanza, ya tatu ikaumiza mahali pale pale pa kwanza. Jioni, akivua blauzi mbele ya kioo cha chumbani, aliona alama ya zambarau yenye ukubwa wa sahani ya chai, imezungukwa na wekundu. Mumewe aliiona. Akaenda kuleta dawa ya kuchua, akamchua mwenyewe, taratibu, akisema, "Mwili utazoea. Wote huzoea." Miezi mingi baadaye, kitu alichokuwa akikikumbuka kwa uchungu kuliko maumivu ni mikono ile iliyokuwa ikimchua.

Mwili haukuzoea. Bega lilizoea, maana nyama hata ikipondwa hujenga sugu, lakini kuna kitu kingine ndani ya mtu kisichojenga sugu. Matundu yake, yaliyokuwa yakikaa pamoja kama vifaranga, yakaanza kutawanyika. Moja chini kushoto, moja chini kabisa, moja nje ya karatasi. Akalaumu baruti, akalaumu darubini, akaifungua na kuifunga upya. Akalaumu umri. Aliongeza Jumatano kwenye mazoezi, akazidi kuharibu. Wenzake klabuni, wale wale waliofyata mkia, wakaanza kuunyanyua.

"Mama, rudi kwenye chai, bado tunaikumbuka," mmoja alimwambia, na wote wakacheka, na Baba Pacha akacheka pia, si sana, kiasi tu.

Ubaya ni kwamba jambo lile halikukaa uwanjani. Lilimfuata kazini. Siku moja mashine ya kusagia ilitoa mlio mdogo, tak, kama inavyotoa kila siku kioo kinapokamatwa, na mikono ya Mama Pacha ikaruka yenyewe. Kioo kikapasuka. Daktari alikuja mlangoni akatazama vipande.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi kimepasuka tu, vitu hupasuka," daktari alisema, akarudi kwa wateja. Lakini katika miaka yote ya kazi yake hakikuwahi kupasuka kioo mikononi mwake, na wote wawili walilijua hilo.

Shemeji ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Jumatano moja, uwanja ukiwa hauna watu, alimsogelea pale mkekani.

"Shemeji, leo nitakupakilia mimi. Wewe tazama mbele, usitazame mikono yangu."

"Kwa nini?"

"We fanya tu."

Akampakilia, Mama Pacha akapiga, teke likaja. Akampakilia ya pili, teke likaja. Ya tatu Mama Pacha alilenga, akashika pumzi, akavuta kifyatulio, na badala ya mlipuko kukatoka klik kavu. Hakukuwa na baruti wala fataki. Shemeji alikuwa ameweka ganda tupu lenye risasi ya bandia. Lakini mtutu ulikuwa umeinamia chini kama jogoo anayedonoa, bega lilikuwa limejirusha mbele, na macho yake, macho yale yanayopima vioo vya watu, yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu.

Akabaki hivyo, amelala, shavu juu ya kitako cha bunduki. Upepo ulikuwa ukizipeperusha bendera.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Tangu wiki ya pili," shemeji alisema. "Unaipiga kabla haijakupiga. Ukishaanza kulingoja lile teke, mkono hukuharibia risasi kabla haijatoka. Ni ugonjwa, shemeji. Na kuutoa ni kazi kuliko kuacha sigara."

"Kwa nini hukuniambia wiki ya pili?"

Shemeji alikuna kichwa, akaanza kuokota maganda.

Keshoye, saa ya chakula cha mchana, Mama Pacha aliibeba ile bunduki ndani ya mfuko wake mrefu mpaka kwa Mama Baruti, akaiweka juu ya kaunta.

"Nibadilishie. Nataka milimita saba, kama nilivyotaka toka mwanzo."

Mjane aliufungua mfuko, akaitazama bunduki, akautazama uso wa mteja wake na kovu dogo juu ya nyusi. Akavuta kiti, akakaa. Kisha akasema, kama mtu anayetema kitu kilichomkaa kooni:

"Hii ni mara ya pili inarudi hapa. Na nyumba ni ile ile."

"Nyumba gani?"

"Mama Pacha, mimi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara mdomo wake una kufuli. Lakini kufuli nayo huota kutu. Bunduki hii aliinunua mumeo zamani, kabla wewe hujaanza kupiga. Akaipiga mwaka mzima. Akairudisha hapa, ananiambia, nichukulie hili shetani, limenifanya nafumba macho. Hajawahi kuwa mzima tangu hapo. Unafikiri kwa nini alama zake zilishuka? Unafikiri ni uzee?"

Mama Pacha alijishika kwenye kaunta. Siku zile za zamani alizikumbuka: bunduki zote kwake zilikuwa fimbo tu, ndefu au fupi, nyeusi au ya kahawia. Ingepita mbele yake mara mia asingeitofautisha.

"Na siku ile ulikuwa umesimama hapo hapo," alisema.

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa," mjane alisema. "Nilidhani atakwambia mwenyewe. Halafu nikajiambia, mume na mke, wewe mtu baki unaingiliaje? Na nikajiambia pia kwamba ilikuwa imenikalia stoo muda mrefu."

Hakuomba msamaha, na Mama Pacha hakumdai. Mjane alimbadilishia bunduki, hilo alilifanya.

Mama Pacha hakwenda moja kwa moja kwa mumewe. Alipitia kwa shemeji, akamkuta anapaka rangi mbao za kushikilia shabaha.

"Ulijua ilikuwa ya kaka yako?"

Brashi ilisimama hewani. "Nilijua."

"Ukaniacha nilale nayo juu ya mkeka miezi yote ile."

"Ni kaka yangu, shemeji. Ndiye aliyenilea. Ningesimamaje kumwumbua?"

"Na mimi ni nani?"

Shemeji, mtu wa utani, alitumbukiza brashi kwenye kopo la rangi na kuendelea kupaka ubao uliokwisha kupakwa.

Alimkuta mumewe sebuleni, miguu juu ya stuli, anatazama mpira. Akazima televisheni, akasimama mbele yake.

"Baba Pacha. Wewe unafumba macho tangu lini?"

Kwanza alijifanya hakusikia. Kisha akajifanya hakuelewa. Kisha akawaka: nani amekwambia, yule mwanamke ana mdomo kama mlango wa soko, watu wanaingilia ndoa za watu. Mkewe alimwacha amalize. Alipoona hakupata mtu wa kugombana naye, hasira ilimwishia, akakaa pale kama gunia lililotolewa vitu.

"Nilidhani wewe utaiweza," alisema.

"Usinidanganye."

"Nilidhani..." Akafuta uso kwa viganja viwili. "Unajua ni nini kulala pale kila Jumamosi, watu wote nyuma yako, na wewe unajua mkono wako si wako tena? Mimi nimelala pale miaka. Naona bendera, naisoma vizuri kuliko wote, nalenga vizuri kuliko wote, na mwisho nafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Halafu wewe unakuja na chupa yako ya chai, unavua ndara, na unapiga kama mtu anayetunga shanga. Hushtuki. Hata kupepesa hupepesi. Kila mtu ananipongeza. Mimi!"

"Kwa hiyo ukaninunulia ile ile."

Aliposema sauti ilikuwa ndogo. "Nilitaka ujue inavyokuwa."

"Ungeniambia."

"Kusema si kujua."

Mama Pacha hakupiga kelele. Alimtazama mtu huyu aliyemchua bega kwa mikono yake, akijua kila kidole kinachopita juu ya ile zambarau kinapita wapi na kwa nini. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, lakini hawakusema utafanya nini ukikumbuka nguo yenyewe umeivaa ujana wako wote. Akaingia kilichokuwa chumba cha pacha, akatandika kimoja cha vile vitanda viwili vyembamba, akalala hapo. Tangu siku ile hapo ndipo palipokuwa chumba chake.

Mchujo wa klabu ulikuwa umekaribia. Aliichukua milimita saba uwanjani na kugundua kile alichokiogopa: bunduki ilikuwa ya adabu kama siku ile ya kwanza, lakini yeye hakuwa yule wa siku ile. Mwili haukuuliza ni risasi gani iliyomo. Uliona kitako, ukaona darubini, ukafumba macho. Alifanya kila dawa iliyojulikana. Alifyatua bunduki tupu nyumbani mpaka kidole kikaota sugu. Alipiga bunduki ndogo ya watoto kwa wiki nzima, akarudi. Kulikuwa na siku alipiga risasi nane safi, akahisi machozi ya furaha yanamlenga, na ya tisa ikaenda kuchimba udongo.

Siku ya mchujo alipiga nzuri na mbaya zikachanganyika kama mchele na mawe. Aliyemshinda alikuwa mwuza vigae mmoja, mpigaji wa wastani, mtu mwema, ambaye hakuamini bahati yake na alizunguka akimwomba kila mtu radhi. Baba Pacha, kwa kuwa ndiye katibu, alisimama na kuyasoma matokeo. Alilisoma jina la mkewe kwa sauti ile ile aliyosomea mengine. Mwuza vigae alikwenda kwenye mashindano makubwa na kutoka katikati ya msafara, si wa kwanza wala wa mwisho, na huko hakuna aliyejua kwamba klabu ile iliwahi kuwa na mtu mwingine.

Mama Pacha aliendelea kwenda uwanjani msimu mmoja zaidi, kwa basi, si kwa gari la mumewe. Kisha akaacha. Kazini mikono ilitulia polepole, ikachukua muda, lakini ilitulia; vioo havikupasuka tena. Uwanjani haikutulia. Labda angevumilia ingetulia. Lakini alichoka kujipeleleza mwenyewe kila anapovuta pumzi, na bunduki ile ya adabu akamwuzia kijana mmoja wa klabu nyingine, akimkumbusha mara mbili aanze na risasi chache.

Watu walishangaa hakumwacha mumewe. Dada yake alimwuliza wazi, naye akajibu, "Niende wapi na bega hili?" na ilikuwa vigumu kujua kama anatania. Walikaa nyumba moja. Walisalimiana asubuhi, walipeana habari za umeme kukatika na maji kutoka. Baba Pacha aliacha ukatibu baada ya muda, akisema amechoka na siasa za klabu. Alivirudisha vikombe vyake sebuleni vikakaa kando ya vya mkewe. Mkewe akachukua vyake, akaviweka ndani ya boksi chini ya kitanda.

Mwaka mmoja pacha walikuja wote wawili nyumbani kwa mapumziko, mmoja na mchumba wake. Nyumba ikachangamka, wakakaa mezani sita, maana na shemeji aliitwa. Mchumba, binti mwenye adabu, akitafuta la kuzungumza na wakwe, akasema amesikia mama alikuwa mpigaji shabaha hodari, kwa nini aliacha?

Kabla Mama Pacha hajafungua mdomo, mumewe alijibu kwa ajili yake, kama alivyozoea kujibu siku zote. "Alitaka risasi kubwa mno. Bega likamshinda. Wanawake hawa ukiwaambia hawasikii." Akacheka, akitafuta mtu wa kucheka naye.

Shemeji alitazama sahani yake. Mama Pacha alimaliza kutafuna alichokuwa anatafuna, akanywa maji.

"Waambie bunduki ilikuwa ya nani," alisema.

Pacha walitazamana, wakamtazama baba yao. Baba Pacha alishika kijiko, akakiweka, akasema chakula kimekuwa na chumvi nyingi, akainuka akaenda kusimama barazani akiwa amewapa kisogo. Hakuna aliyemfuata.

"Ilikuwa ya nani, mama?" mmoja wa pacha aliuliza.

"Kuleni kwanza," Mama Pacha alisema, akamwongezea mchumba chakula kwenye sahani yake. Kisha, wakila, akawaeleza yote, kuanzia dukani, bila kupandisha sauti, na shemeji hakukanusha hata neno.